Geuzeni uso wa mizani: barua ya wazi kwa wakubwa mnaonunua mwani wetu

Kwenu wakurugenzi, mameneja na wajumbe wa bodi za kampuni zinazonunua mwani Unguja na Pemba, na nyie wa huko mbali mnaouziwa na hao.

Assalaam alaykum, na kwa wasiokuwa Waislamu habari za kazi. Nnaandika hapa hadharani kwa sababu barua za karatasi nshapeleka mbili na zote ziliishia kwa mlinzi getini, moja nilikuja kuikuta imefungiwa karanga. Kwa hiyo leo naiweka mbele za watu, atakaeisoma na anakujueni akufikishieni.

Kilichonitoa ni picha. Rafiki yangu mmoja anafanya kazi mjini, kanitumia kwenye simu ripoti ya mwaka ya kampuni moja, sitoitaja, karatasi nyingi za rangi zimepangwa vizuri kweli, na huko mwanzo mwanzo ukurasa mzima ni mama yangu mzazi. Kasimama baharini maji ya kiuno, kavaa kanga mpya, kanyanyua fungu la mwani juu kama mtu aliyeshinda kombe, anacheka, mwanga wa jioni unammulika. Chini kuna maneno ya Kizungu, biashara yenye maadili, uendelevu, kumwezesha mwanamke. Jina lake halipo.

Picha ile naijua ilivyopigwa maana nilikuwepo. Zilikuwa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na mpiga picha alikuja saa kumi jioni, anasema anautaka ule mwanga wa jioni. Sasa mtoto wa chuoni tu wa pwani yetu atakwambia, bamvua saa kumi jioni maji yamejaa mpaka chini ya minazi, mwani unavunwa maji yakipwa, saa tatu saa nne asubuhi, na wakati huo kina mama wameinama, hakuna aliyesimama kunyanyua kitu juu. Ule mwani aliokamata ulitolewa kwenye polo, yani gunia, la mbegu. Kanga kaazima kwa jirani kwa sababu aliambiwa nguo zake za kazi, shati la marehemu baba na soksi mbili mbili miguuni, hazitoki vizuri kwenye kamera. Kaingia majini mwanamke wa watu, hajui kuogelea, kaambiwa cheka, kacheka. Kisha wakampa soda.

Sikasiriki na picha peke yake, hata mie siku ile nilicheka. Ila nilivyoiona kwenye ripoti pale na yale maneno chini yake ndio nikasema hapana, hili lazima nilijibu, kwa sababu mie vilevile nshakuwa mtu wenu.

Nijieleze. Mie wa kusini mashariki ya Unguja, kwenye pwani ileile ambayo mwani wa biashara ulianza mwaka 1989, Paje na Jambiani, mbegu zimeletwa kutoka Ufilipino baada ya miaka ya utafiti wa kina Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wazee wanasimulia kwamba mwanzo wanaume nao walijaribu, wakaona kazi ya kuinama pesa ndogo, wakarudi kwenye ndoana zao na baadae kwenye mahoteli. Wakabaki wanawake, mpaka leo zaidi ya asilimia 80 ya wakulima wa mwani Zanzibar ni wao. Ada ya skuli yangu, daftari zangu, kiatu changu cha kwanza cha ngozi, vyote vimetoka kwenye mwani. Kwa hiyo msidhani naandika kama mtu anaetaka mfunge biashara muondoke, mkiondoka leo nyumba nyingi huku zinalala na njaa, na mnalijua hilo, pengine ndio maana mnatufanyia hivi.

Nilipomaliza fomu foo nikakaa kidogo bila kazi, kisha nikapata ukarani wa kupima mwani kwa kampuni moja, misimu miwili. Siku ya kwanza meneja hakunifundisha kupima. Alinifundisha kusimama. Ile mizani ya kuning'iniza, yenye uso wa duara kama saa, inafungwa kwenye boriti la stoo na uso wake unaelekezwa ndani, karani anakaa kwa ndani na daftari lake, mkulima anabaki nje ya kizingiti na polo lake, yeye anaona mgongo wa mizani, bati jeupe lenye kutu. Karani ndie anaetamka kilo. Ukitamka 41, ni 41.

Cha pili nilichofundishwa ni kukata. Kila polo kilo mbili, moja ya mchanga moja ya unyevu. Hatuna kipimo cha unyevu, kifaa kile sijawahi kukiona kwa macho yangu, ni mkono tu, na kusema kweli hata mkono hatukutia, maana wale wanaoanika juu ya chanja, mwani wao mkavu unalia kachakacha hauna hata chembe ya mchanga, walikatwa kilo mbili zilezile sawa na walioanika chini ufukweni. Siku ya mzigo mkubwa tulipima mapolo mia na hamsini. Hizo ni kilo 300 ambazo zimeingia ghalani na hazikuingia kwenye daftari la mtu yeyote. Bei wakati ule shilingi 700 kwa kilo. Piga hesabu, 210,000 kwa siku moja, kituo kimoja, na mie nilikuwa nalipwa 10,000 kutwa.

Na polo la mama yangu nalo nilikata. Niliambiwa nisimpendelee mtu, meneja kasimama pale pale, na mie nataka kazi. Polo lilisoma 50 kamili nikatamka 48. Mama yangu anajua polo lake lina kilo ngapi, kina mama wote wanajua, wanabeba kichwani kila siku utawadanganya vipi. Alinitizama tu akasema, "Haya baba, andika."

Nataka mlielewe hilo polo kabla sijaendelea. Kilo moja ya mwani mkavu inataka kama kilo saba nane za mwani mbichi. Polo la kilo 50 kavu limeanza likiwa kilo mia nne hivi mbichi, limekokotwa kutoka baharini, limeanikwa, limegeuzwa, limekingwa mvua kwa turubai usiku. Kabla ya hapo kumefungwa mbegu, kipande kimoja kimoja kwenye taitai, vile vikamba vidogo vya plastiki, kamba nzima, kamba kwa mamia, unakaa kwenye maji makalio yamelowa, vidole vimekunjana kama vya maiti. Halafu unasubiri wiki sita ndio uvune. Kwa 700, polo zima 35,000. Zile kilo mbili nilizokata ni 1,400, nyie mtasema hela gani hiyo, lakini ndio unga wa siku ile.

Sasa turudi kwenye neno lenu, uendelevu. Nakubali, na nnasema bila kejeli, mwani wenyewe ni zao safi kuliko mengi. Hautaki mbolea, hautaki dawa, hautaki maji ya mfereji, unakula jua na maji ya chumvi, samaki wadogo wanajificha humo. Ripoti yenu imesema hivyo na ni kweli. Ila ripoti imeishia kwenye jani. Haikusema vijiti mnavyotaka tuchomeke vinakatwa wapi, na kwingine vinakatwa kwenye mikoko. Haikusema taitai zile za plastiki zikikatika zinakwenda wapi. Njooni asubuhi moja baada ya upepo mkali, mtembee ufukweni na ndoo, mtaijaza kabla hamjafika mwisho wa kijiji. Nyie ndio mnaozileta kwa marobota, sijaona kampuni hata moja inayonunua zilizochakaa kurudisha, wakati ni jambo jepesi kweli, leta kilo ya taitai mbovu upewe mpya, watoto wangezisafisha zote ndani ya bamvua moja.

Na joto. Mwani unapenda maji ya nyuzi 25 mpaka 30 hivi. Kaskazi ikiingia, Disemba mpaka Machi, yale maji ya kina kifupi ndani ya mwamba yanakuwa vuguvugu kama ya kumkoshea mtoto mchanga, jani linageuka jeupe, linalainika, linakatika lenyewe, asubuhi unakuta kamba tupu. Mwani mnene, ule mnaouita kotoni, ndio wenye bei nzuri, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 umekuwa ukitufia mpaka sehemu kubwa za Unguja watu wameuacha kabisa, tumebaki na mwembamba, spinosamu, ambao mnaununua kwa bei ya chini zaidi. Hilo joto hatukulileta sisi, mama yangu hana hata baiskeli.

Hapa ndipo nataka wahasibu wenu wakae vizuri wanisikilize. Mbegu ikifa kwa joto, hasara ya nani? Ya mama. Mvua ya masika ikipiga mwani uko chanjani ukapoteza rangi, mkaukataa, hasara ya nani? Ya mama. Mnunuzi wa Ulaya akipunguza oda, bei inashuka kwa nani? Meli ikichelewa ghala likajaa mkasema hatununui mpaka mwezi ujao, mwani unamlalia nani chini ya kitanda? (Na mnajua mwani ukilala ndani unavuta unyevu, halafu mnakuja kuukata unyevu.) Yani mnyororo wote huo, kuanzia pwani yetu mpaka kiwanda mpaka duka, hatari zote zimebebeshwa mtu asiekuwa na akiba. Mama yangu ndie kampuni yenu ya bima, na bima hiyo hamuilipii hata shilingi.

Mtaniambia, lakini tunatoa kamba na taitai bure. Aa, hiyo bure tunaijua. Ukichukua kamba za kampuni lazima uwauzie wao, kwa bei yao, akija mnunuzi mwengine na bei ya juu huwezi, jina lako limo kwenye daftari. Na ile bei mliyoishusha, miaka mitano sita ya kuuza chini kidogo, kamba zile zishalipwa mara ngapi? Sisemi msitoe vifaa. Semeni ni mkopo, andikeni thamani yake, mtu alipe kidogo kidogo amalize, siku akimaliza awe huru auze anakotaka. Mtu mzima anaejua deni lake ana heshima kuliko anaepewa bure isiyokwisha.

Bei nayo. Tunapanda bila kujua tutauza ngapi. Wiki sita baadae anakuja kijana na pikipiki anasema bei mpya ni hii. Nyie mnajua bei, maana mshakubaliana na wateja wenu huko nje kwa mikataba. Mtasema haiwezekani kutangaza mapema, soko halitabiriki. Jamani, visiwa hivihivi vina karafuu. Mkulima wa Pemba alikuwa analia na bei mpaka watu wanavusha magunia kwa magendo usiku kwenda Kenya, kuanzia 2011 serikali ikapandisha bei mpaka shilingi 15,000 kwa kilo na ikaweka sera mkulima alipwe kama asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Karafuu na mwani si kitu kimoja, najua, shirika linalonunua karafuu ni la serikali na nyie mna wenye hisa. Na kule bara, korosho ya Mtwara toka 2007 inapita stakabadhi ghalani, mzigo unawekwa ghalani mkulima anapewa karatasi yake, kisha mnada, ina matatizo yake mengi tu, wakulima wa huko watakwambia wenyewe, ila mkulima anajua leo mnada umefungwa kwa shilingi ngapi. Sisi hatujui hata mwani wetu ukitoka hapa unauzwa kiasi gani. Mie nimejua unapokwenda kwa bahati tu, nikipiga mswaki. Geuza tyubu yako ya dawa ya meno usome vile viandishi vidogo nyuma, zipo nyingi zimeandikwa "carrageenan". Kwenye aiskrimu na maziwa ya chokoleti na nyama za kopo imejificha kwa jina la E407. Ndio mwani huo, ute wake, ndio unaofanya dawa isimwagike kama uji. Nilimuonesha mama akaishika ile tyubu muda mrefu kidogo, akauliza bei yake dukani. Nikamwambia. Hakusema kitu.

Najua kuna wenye nia njema miongoni mwenu. Sisemi kwa kukupambeni, nshakutana na mkurugenzi mmoja alivua viatu akaingia mpaka kwenye shamba akauliza maswali ya maana, na mwaka uliofuata akaondolewa, akaja mwengine hata kwenye gari hakushuka. Na mambo haya hayako Zanzibar tu. Ile kampuni kubwa ya Ufaransa ya maziwa, Danone, Juni 2020 wenye hisa walipiga kura zaidi ya asilimia 99 kuandika kwenye katiba ya kampuni kwamba ina malengo ya jamii na mazingira, watu wakashangilia, na Machi 2021, hata mwaka haujaisha, bosi aliyelisukuma jambo lile, Emmanuel Faber, keshatolewa baada ya baadhi ya wawekezaji kulalamika kwamba hisa zinazorota. Kwa hiyo mkiniambia tuamini moyo wa mkurugenzi, nakuulizeni, mkurugenzi akiondoka na moyo wake?

Mie sitaki moyo. Nataka karatasi inayoshika. Bangladesh jengo la Rana Plaza liliporomoka tarehe 24 Aprili 2013, wakafa watu 1,134, wengi wao kina dada washona nguo, na mle ndani kulikuwa na viwanda vilivyowahi kukaguliwa na wakaguzi wa hiari, vimepewa maksi. Baada ya vile vifo ndio makampuni ya nguo yakatia saini makubaliano ya usalama yenye nguvu ya kisheria, na vyama vya wafanyakazi vikawa mezani, ukivunja unashitakiwa. Ile ndio tofauti. Sisi hapa hatufi kwa kuangukiwa na jengo, tunaumwa viuno, macho yanachomwa na mmeto wa maji, wengine wanachomwa na samaki taa, wengine ngozi zinachubuka haziponi mpaka mwani uishe. Mambo ya polepole hayaitishi mkutano wa waandishi wa habari.

Basi mkataba. Wa Kiswahili, ukurasa mmoja, si ule wa Kiingereza aliotia dole gumba mama yangu bila kusomewa. Uwe na bei ya chini iliyotajwa kabla ya kufunga mbegu, bei isiyoshuka hapo hata meli ichelewe, na ikipanda sokoni mgawane. Uwe na jambo la mbegu, kwamba kaskazi ikiua mashamba, kampuni inatoa mbegu mpya na muda. Nakala moja kwa mkulima, moja kwa sheha, kiongozi wetu wa mtaa, moja kwenu. Na nikae hapo hapo kwenye bei kidogo kwa sababu ndipo mtakapokimbilia, mtasema tukipandisha tutashindwa na Indonesia na Ufilipino, wao wanazalisha kwa wingi sisi ni wadogo. Sawa. Ila nyie hao hao mnamuuzia mteja wa Ulaya mwani wenye picha ya mama yangu, mnamwambia huu ni wa maadili, wa Zanzibar, umelimwa na wanawake. Kama picha inauza, na mwenye picha apate.

Kuna jambo la maji ya kina. Wataalamu wanasema dawa ya joto ni kusogea nje, maji marefu yenye baridi, na Dk. Flower Msuya, yule mama mtafiti aliekuwa Taasisi ya Sayansi za Bahari, alieanza 2006 na ule umoja wa wadau wa mwani, na wenzake wameonesha kwamba mwani mnene unaweza kurudi kwa kutumia neti za mirija, neti ndefu kama bomba mbegu zinatiwa ndani, huko nje. Vizuri sana. Lakini huko kunatakiwa chombo cha baharini, na vyombo ni vya wanaume, na wanawake wetu wengi hawajui kuogelea, mtu kalelewa ufukweni miaka hamsini hajawahi kuvuka kifua kwa sababu msichana hakufunzwa. Mkihamisha kilimo bila kulitizama hilo, miaka kumi ijayo mtakuwa na mwani mnene na mapato mazuri na hakuna mwanamke hata mmoja shambani, na ripoti yenu itabidi mtafute picha nyengine. Nunueni boti ziandikwe kwa majina ya vikundi vyao, nunueni majaketi ya kuokolea, mlipeni mwalimu wa kike wa kuogelea aje skuli zikifungwa. Gharama yake nahisi haifiki ile warsha ya siku tatu hotelini mliyowafanyia wadau, ambayo mkulima aliealikwa alikuwa mmoja, kakaa nyuma, na ilikuwa kwa Kiingereza. Niliambiwa na huyo huyo mkulima. Kasema chakula kilikuwa kizuri.

Huyo huyo Dk. Msuya na wenzake ndio waliofundisha kina mama kusaga mwani, kutia kwenye sabuni, mafuta, achari, jemu. Mie nimeona kwa macho kwamba mwanamke akisaga kilo yake akafanya sabuni akamuuzia mtalii, kilo hiyo haina undugu tena na ile 700 yenu. Haitoshi kumaliza mwani wote, wateja wa sabuni si wengi kiasi hicho, lakini inampa kitu muhimu sana, anaweza kusema leo siuzi. Nyie hamjazoea mkulima anaesema leo siuzi. Wakulima wa kituo kimoja walipigwa marufuku kuuzia vikundi vya sabuni kwa kisingizio cha zile kamba za bure. Kampuni inayojiita ya maadili inaogopa sabuni?

Serikali nayo tunaisikia, uchumi wa buluu, uchumi wa buluu, toka 2020 kila hotuba. Ile ni barua nyengine, ntaiandika.

Kwenu nyie nataka muanze na kitu kimoja ambacho hakina bajeti, hakihitaji kikao cha bodi wala mshauri kutoka Nairobi. Geuzeni uso wa mizani. Ifungeni ile mizani nje, chini ya mwembe, uso unatizama foleni, mkulima asome mwenyewe, asiejua kusoma asomewe na mwanawe. Makato ya mchanga na unyevu yawe kwa kuona, polo limwagwe kwenye turubai, mchanga uliobaki upimwe, ndio uondolewe huo huo. Na pawekwe jiwe la kilo ishirini linalojulikana, kila asubuhi lipimwe kwanza mbele za watu. Meneja wangu wa zamani atasema itachelewesha kazi. Itachelewesha kweli, nusu saa hivi kwa siku kwa hesabu yangu, na mie nimeifanya kazi hiyo. Na msipoiweza hii ya bure, hizo nyengine zote nilizosema juu huko hamtoziweza, na hapo mtoe yale maneno kwenye ripoti, muandike tu tunanunua mwani.

Bamvua lijalo ndio mavuno ya kwanza ya kusi kwetu, mbegu tushafunga, bei mpaka leo hatujaambiwa. Njooni wenyewe, msimtume kijana wa pikipiki. Njooni asubuhi maji yamekupwa, vaeni viatu vya kufunga maana chaza wanakata, mtawakuta wote huko. Mie ntakuwepo, na daftari langu la zamani ninalo bado, lile la zile kilo nilizotamka, na pembeni kwa penseli zile nilizoziona. Meneja hakuwahi kujua kama naziandika. Mkitaka kurudisha, tuna pa kuanzia, majina yote yamo, na la mama limo.

Wassalaam,
Mie mtoto wa mkulima wa mwani, karani wenu wa zamani, kusini Unguja.

NB: Mama kanambia nikuulizeni ile picha. Anaitaka ya karatasi, kubwa, aitundike ukumbini. Anasema katoka vizuri.